Mmepata Saini, Mmempoteza Mwalimu

Ikifika saa 1:30 asubuhi, mkuu anachomoa kalamu nyekundu na kupiga mstari kwenye daftari la mahudhurio. Atakayesaini chini ya mstari huo, barua ya kujieleza. Aliyekesha hospitalini na mtoto, barua. Aliyeshushwa njiani na bodaboda kwa sababu mvua imezoa kivuko, akaja kwa miguu na tope hadi magotini, barua. Hakuna kuuliza kulikoni, hakuna pole, hakuna nini.

Na wewe mzazi mwenzangu, ukipita getini ukasikia mkuu anafoka mpaka sauti inafika barabarani, unatikisa kichwa kwa kuridhika. Unasema, hapa sasa kuna kiongozi. Huyu amewanyoosha.

Amewanyoosha? Uliingia darasani ukaona?

Hukuingia. Hatuingii. Tumezoea kusikia kelele za ofisini na kudhani ndiyo kazi. Ndiyo maana mtoto anafika darasa la nne hawezi kusoma ujumbe wa shangazi yake kwenye simu, na sisi bado tunauliza kama walimu wanawahi kazini.

Naandika haya nimeshachoka. Nimefundisha chini ya wakuu wa kila namna, na leo ni mzazi mwenye watoto kwenye shule hizi hizi za serikali. Naumia kama mwalimu, naumia kama mzazi. Ninachotaka kukwambia ni kimoja tu: mkuu anayetawala kwa vitisho anapata saini ya mwalimu na kumpoteza mwalimu mwenyewe. Na mtoto wako hafundishwi na saini. (Nikisema mkuu nawajumlisha wote, mwalimu mkuu wa shule ya msingi na mkuu wa shule ya sekondari. Ugonjwa ni mmoja.)

Mwaka 2014 Benki ya Dunia ilipeleka watu kwenye shule zetu za msingi hapa Tanzania bila kutoa taarifa, wakahesabu walimu. Kati ya kila walimu 100, kama 14 hivi hawakuwepo shuleni. Utasema si haba, wengi wanakuja. Subiri. Walipochungulia madarasani, waliokosekana kwenye vipindi vyao walikuwa karibu 47.

Piga hesabu mwenyewe. Walimu kama 33 katika kila 100 walikuwa wamekuja, wapo ndani ya uzio wa shule, na hawafundishi. Mtoto ambaye ratiba ilimwahidi karibu saa 6 za masomo kwa siku alikuwa anaambulia chini ya saa 3.

Wako wapi hao 33? Nakwambia mimi niliyekaa nao. Wako chini ya mwembe wanasahihisha taratibu madaftari ya juzi. Wako ofisini wanajaza fomu ambayo wilaya inaitaka kabla ya saa 6 mchana. Wako kwenye simu. Wako wawili wawili nyuma ya jengo la darasa la pili, wanamsema mkuu.

Kalamu nyekundu iliwafikisha mpaka mlangoni mwa ofisi, nguvu zake zikaishia hapo. Hakuna kalamu inayoweza kumsukuma mtu mzima aingie kwenye darasa la watoto 90 akafundishe kwa moyo. Hilo linatoka ndani ya mtu, na kilichomo ndani ya mtu ukishakiua, umekiua. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, walisema wazee, na sisi tumejaza shule zetu walimu wenye macho mazima.

Najua utakachonijibu. Mshahara ni mdogo. Ni kweli. Nyumba za walimu hakuna. Ni kweli. Madarasa yamefurika tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016. Ni kweli tupu. Lakini nenda kwenye kata moja yenye shule mbili. Mshahara ule ule, msongamano ule ule, tope lile lile. Shule moja, walimu wanabaki mpaka saa 10 jioni na watoto wanaosoma kwa kusuasua, bila senti. Shule ya pili, kengele ikigonga walimu wanawatangulia wanafunzi getini. Serikali ni hiyo hiyo moja. Kilichotofautiana ni mtu aliyekalia kiti cha mkuu.

Nilimfahamu kijana mmoja wa hisabati. Alipangiwa shule ya kijijini, akafika na begi na godoro. Wiki za mwanzo alizunguka kwenye vibanda vya pale senta akiokota vizibo vya soda, akavijaza kwenye kiroba, akawa anawafundisha watoto wa darasa la tatu kugawanya kwa kuvipanga makumi makumi sakafuni. Watoto waliokuwa wanakimbia hesabu wakawa wanamngoja mlangoni.

Asubuhi moja mkuu alimsimamisha mstarini, mbele ya shule nzima, akauliza andalio la somo la siku ile liko wapi. Kijana akasema analo, ila halijagongwa mhuri kwa kuwa jana mkuu hakuwepo ofisini. Mkuu akamjibu, mbele ya wale wale watoto wa vizibo, kwamba vyuo vya siku hizi vinazalisha mizigo. Watoto wakacheka. Watoto wakiogopa hucheka.

Kesho yake andalio lilikuwepo, limeandikwa kwa mwandiko safi, limegongwa mhuri. Keshokutwa hivyo hivyo. Mwezi mzima hivyo hivyo. Mkuu akajisifu kikaoni kwamba dawa imeingia. Kiroba cha vizibo kikasukumwa kwenye kona ya stoo, panya wakahamia humo. Kijana akawa anaingia darasani, anaandika ubaoni, anatoka kengele ikigonga. Hakuchelewa tena. Hakukosa kipindi tena. Hakufundisha tena.

Ukilifungua jalada lake wilayani, huyo ndiye mwalimu bora wa shule ile.

Ndiyo hasara ninayoisema, na haionekani kwenye taarifa yoyote. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Kanada, John Meyer na Natalie Allen, walieleza kwamba watu hubaki kazini kwa sababu tatu. Yupo anayebaki kwa kuwa anaipenda kazi yake na mahali alipo. Yupo anayebaki kwa kuwa anaona ni wajibu, akiondoka atakuwa amewatelekeza watoto wa watu. Na yupo anayebaki kwa kuwa hana pa kwenda: mshahara unakatwa mkopo wa benki, wadogo zake wanamtegemea kwa ada, kiwanja hajamaliza kukilipia.

Wote watatu wanasaini. Wote watatu wamo kwenye takwimu za wilaya. Lakini mtoto wako anafundishwa na wale wawili wa mwanzo. Mkuu wa vitisho anawachukua hao wawili, mmoja baada ya mwingine, anawageuza kuwa wa tatu. Hamfukuzi mtu. Hakuna pengo kwenye ikama. Ndiyo maana hakuna anayeshtuka!

Wala si elimu mpya hii. Paka akitoka, panya hutawala. Nani kati yetu hakulisikia hilo utotoni? Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanasaikolojia Kurt Lewin na wenzake walilijaribu kule Iowa, Marekani, kwa vikundi vya wavulana waliokuwa wakifanya kazi za mikono. Chini ya kiongozi wa amri, kazi ilikwenda wakati amewasimamia. Akitoka chumbani, mikono ikalegea. Chini ya kiongozi aliyewashirikisha, mtu alitoka na kazi ikaendelea.

Sasa niambie, mkuu wa shule ya mwanao anashinda shuleni siku ngapi kwa wiki? Jumatatu ameitwa kwa afisa elimu. Jumanne anafuatilia saruji ya darasa jipya. Jumatano kikao cha kata. Alhamisi benki. Shule inayoendeshwa kwa jicho lake husimama kila anapopanda bodaboda, na anapanda karibu kila siku.

Lewin alikuwa na kikundi cha tatu pia, ambacho kiongozi aliwaachia wajifanyie wapendavyo. Kazi yao ilikuwa kidogo na mbaya. Nalitaja hili kwa sababu wapo watakaonisoma wakadhani namtetea mkuu mlegevu. Simtetei! Mkuu anayeonekana Jumatatu na Ijumaa, asiyejua darasa lipi halina mwalimu, anayemwogopa mlevi wa shule kwa kuwa ni shemeji wa diwani, huyo naye anaua. Chini yake mwalimu mwenye bidii anabeba vipindi vyake na vya mtoro, mwisho wa mwezi mshahara wao ni sawa, shukrani hakuna. Mwaka wa kwanza anavumilia. Wa pili ananung'unika. Wa tatu naye anatafuta kivuli cha mwembe.

Lakini mlegevu tunamlaumu. Mkali tunamshangilia. Hapo ndipo penye kidonda chetu, na tukitazame.

Punda haendi bila kigongo. Hiyo ndiyo imani yetu kuhusu walimu, tusidanganyane. Februari 2009, kule Bukoba, mkuu wa wilaya aliamuru walimu 19 wa shule za msingi wachapwe viboko kwa sababu watoto wamefanya vibaya kwenye mitihani. Watu wazima wenye familia, na fimbo ilishikwa na polisi. Nchi ikapiga kelele, Rais Jakaya Kikwete akamfuta kazi yule mkuu wa wilaya. Tukapumua. Tukarudi kulala.

Fimbo iliondoka, imani ikabaki. Siku hizi kiboko ni kipaza sauti. Kiongozi anafika na msafara na kamera, anamsimamisha mkuu wa shule mbele ya wananchi. Ufaulu wako asilimia ngapi? Unamchezea Rais? Kuanzia leo si mkuu wa shule! Umati unalipuka kwa makofi.

Na wewe ulipiga makofi. Ulisambaza ile video kwenye kundi la familia ukaandika chini yake kwamba viongozi wa namna hii ndio tunaowataka. Ulijiuliza nini kinafuata kesho yake asubuhi? Aliyepewa nafasi ile ameona mwenzake alivyovuliwa nguo hadharani. Anasainishwa mkataba wa ufaulu. Anajua asipopata namba naye atasimamishwa juani. Basi anamkamua mwalimu. Na mwalimu naye amkamue nani?

Amebaki mmoja tu. Mtoto wa miaka 9 aliyekaa dawati la nyuma, ambaye leo hajui jibu la saba mara nane. Hasira yote iliyoanzia kwenye kipaza sauti inamwishia yeye mgongoni. Akifika nyumbani hataki shule, unamwongeza kiboko cha pili.

Na si viboko peke yake. Palipo na hofu ya namba, namba zitatafutwa kwa njia yoyote. Mwaka 2018 Baraza la Mitihani lilifuta mtihani wa darasa la saba kwenye shule zote za Halmashauri ya Chemba mkoani Dodoma, pamoja na baadhi ya shule za kwingineko, kwa sababu ya udanganyifu. Watoto wasio na hatia wakarudia mtihani Oktoba. Sisemi kila aliyeguswa na kashfa ile alikuwa ametishwa na mtu. Sijakaa kwenye vichwa vyao. Nasema ukimwambia mtu lete asilimia 90 au ondoka, na humuulizi zinapatikanaje, umemfungulia mlango gani?

Punda afe, mzigo ufike. Haya, punda amekufa. Mzigo umefika?

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa 2012 yalipotangazwa, watahiniwa karibu 60 kati ya kila 100 walipata daraja la sifuri. Waziri Mkuu akaunda tume. Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikaanza kupangwa hadharani kwa ufaulu. Kila mtu akapewa wa kumbana. Nani alipewa wa kumsikiliza?

Ndugu yangu, hatukukosa maandiko. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na uliandikwa kwa ajili ya nchi nzima, ofisi ya mwalimu mkuu ikiwemo. Hatukukosa vyuo. Pale Bagamoyo kuna ADEM, wakala wa maendeleo ya uongozi wa elimu, iliyoanza 1979 ikiitwa MANTEP. Kazi yake ni kuwafundisha watu kuongoza shule na elimu. Sasa waulize wakuu unaowafahamu: walifundishwa uongozi kabla ya kukabidhiwa ofisi au baada? Wengi watakwambia walipewa barua ya uteuzi wakiwa na chaki mkononi, wakaachiwa shule, mafunzo yakaja baadaye, kama yalikuja. Mtu alikuwa mwalimu mzuri wa jiografia, basi aongoze walimu 30. Anaongoza vipi? Anaongoza kama alivyoongozwa. Alifokewa, anafoka.

Tena wapo walioteuliwa bila hata hiyo jiografia nzuri. Siku hizi kuna posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu na 250,000 kwa mkuu wa sekondari. Siipingi, kazi ile ni nzito na walistahili. Lakini kiti chenye posho kinavuta wanaokitaka kiti. Unamkuta mtu aliyekuwa mpeleka maneno wa mkuu aliyepita, aliyejua kubeba mkoba wa afisa elimu, leo ndiye mkuu. Mtu aliyepanda kwa majungu atawaongoza wenzake kwa kitu gani kingine? Ndani ya muhula mmoja ofisi ya walimu inagawanyika: wa kwake na wasio wa kwake. Wa kwake wanapewa usimamizi wa mitihani, semina, ruhusa ya kwenda kuuguza. Wasio wa kwake wanapewa barua.

Na barua moja kwenye jalada si mchezo. Mwalimu anangoja kupanda daraja, anangoja miaka, kisha anaambiwa una jambo lako halijaisha. Jambo gani? Lile la kivuko kilichozolewa na mvua.

Sasa nikuoneshe kwamba inawezekana, maana nimeliona kwa macho yangu.

Mwalimu mkuu mmoja, mama wa makamo, alikuwa na vipindi vyake vya Kiswahili darasa la saba na hakuviacha hata siku ya ugeni. Ungemkuta na vumbi la chaki kwenye kitenge anasaini hundi. Alipoona mwalimu mmoja amechelewa mara tatu ndani ya wiki, hakumfuata mstarini. Alingoja chai ya saa 4 iishe, akamwambia, "Mwalimu, nisindikize bustanini." Kule kwenye mchicha akamuuliza kuna nini nyumbani. Ikajulikana mwenye nyumba amemtoa, analala kwa ndugu ng'ambo ya mto. Jioni ile mama alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, chumba kikapatikana. Mwalimu yule hakuchelewa tena, na Jumamosi alikuwa wa kwanza kufika kuwasaidia watoto wasiojua kusoma. Hakuna aliyemwamuru.

Mwalimu alipofiwa, mama alisema waendao msibani waende, vipindi vya mfiwa ataingia yeye. Akaingia. Fedha za ruzuku zikifika, kiasi kilibandikwa ubao wa matangazo siku hiyo hiyo. Hapa niseme kidogo. Ruzuku ya shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka, na inayofika shuleni katika hiyo ni 6,000. Shule ya watoto 800, ni kama 400,000 kwa mwezi. Ni fedha ndogo mno! Lakini fedha ndogo inayojulikana haizai majungu. Inayofichwa, hata ikiwa ndogo vipi, ofisi nzima itaamini mkuu anajenga nayo nyumba, na hapo usimwombe mtu abaki jioni.

Na usidhani alikuwa laini. Mwalimu mmoja alipofika amelewa mara ya pili, mama alimwandikia barua kwa mkono wake na kuipeleka wilayani mwenyewe. Walimu hawakumnunia. Walijua angempelekea hata ndugu yake. Ukali wa haki mwalimu anaubeba bila kinyongo. Kinachomvunja ni kudhalilishwa, na kumwona mtoro akistarehe kwa sababu ni mtu wa fulani.

Mama yule alistaafu. Akaja wa kalamu nyekundu. Kwa mwaka mmoja walimu kadhaa walihama, na waliohama wa kwanza walikuwa wale wa Jumamosi. Hao ndio huondoka mwanzo popote pale, kwa kuwa ndio wanaotakiwa kwingine. Shule binafsi zinawafuata, mashirika yanawafuata. Wanaobaki ni wenye mikopo. Jengo ni lile lile, rangi mpya imepakwa, mtoto wako anaingia pale kila asubuhi na sare yake iliyopigwa pasi.

Na wewe mwalimu mwenzangu, usijifiche nyuma ya makala haya. Umenikera kuliko mkuu. Kikao kinaitishwa, mkuu anasema uongo mchana kweupe, wewe unapiga makofi. Ukitoka nje unatema sumu mpaka machweo. Ukiulizwa una hoja, unasema sina. Mwenzako anadhalilishwa mstarini, unatazama viatu vyako na kushukuru leo si zamu yako. Kesho je? Chama chako kinakata fedha kwenye mshahara wako kila mwezi. Uliwahi kukipelekea hoja ya unyanyasaji wa ofisini, au unakingoja kwenye fulana za Mei Mosi tu?

Na kuna dhambi kubwa kuliko hiyo. Unamkomoa mkuu kwa kumnyima mtoto kipindi. Mkuu hakosi kitu! Posho yake inaingia, watoto wake huenda wanasoma shule ya basi la njano. Anayekosa ni mtoto wa mama muuza vitumbua aliyekuamkia shikamoo asubuhi. Yeye alikukosea nini?

Tuseme basi kinachotakiwa, bila kuzunguka. Kwanza, mtu asikabidhiwe shule kabla hajafundishwa kuongoza watu. Chuo kipo, kitumike kabla ya uteuzi. Pili, na hili ndilo linaloniwasha zaidi: mwalimu anapimwa na kila mtu. Anapimwa na mkuu, na afisa elimu kata, na mthibiti ubora. Siku hizi kazi zake anaziingiza kwenye mfumo wa PEPMIS wa kupima utendaji, msimamizi wake anazithibitisha. Mkuu anapimwa na walio juu yake, kwa asilimia za ufaulu. Walimu 30 wanaomwona kila siku, wanaojua kama anafundisha, kama anapendelea, kama anatukana, hao nani anawauliza? Wajaze fomu kwa siri mara moja kwa mwaka, bila majina, isomwe na mtu asiyekula chai na mkuu. Watakaosema walimu watalipiza kisasi kwa wakuu wakali, nawaambia tena habari ya yule mama. Alikuwa mkali. Walimlilia alipoondoka.

Na huu mtindo wa kuwavua watu madaraka kwenye mikutano ya hadhara ukome. Mkuu aliyeshindwa aondolewe kwa utaratibu, ofisini, kwa maandishi. Ukimdhalilisha mbele ya watoto aliowaongoza, umewafundisha wakuu wote wa wilaya namna ya kuongoza, na Jumatatu watalitumia somo hilo.

Hayo ni ya wakubwa. Ya kwako wewe mzazi ni haya. Kikao cha wazazi kinakuja. Mwaka jana ulikwenda, ukakaa nyuma, ukasikiliza habari za michango ya chakula, ukaondoka kabla ya mengineyo. Safari hii simama, wenyeviti wa kamati na mtaa wakiwa wamekaa pale mbele. Uliza: mwaka huu walimu wangapi wameomba kuhama hapa, na walisema sababu ni nini? Wakikujibu kwamba uhamisho ni haki ya mtumishi, waambie unajua ni haki, unauliza sababu. Wakisema hawajui, uliza ni kazi ya nani kujua. Uliza na darasa la mwanao lilikosa vipindi vingapi mwezi uliopita wakati walimu wote wapo shuleni. Watu watageuka kukutazama, mwenyekiti atatazama saa. Usikae mpaka ujibiwe.